UZI: Mnaogeuza riwaya kuwa igizo, msimulizi mnamfukuza wa nini?

Nyuma ya Pazia (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Msimu wa mitihani ukikaribia, vikundi vya sanaa vinaanza kuzunguka mashuleni na riwaya za kwenye mtaala. Kenya ndiko biashara hii ilikokomaa, lakini hata huku Bongo ipo. Nimetazama maonyesho ya namna hiyo kwenye mabwalo mengi, na kazi yenyewe naifanya: naandika skripti, naongoza, na mshika taa asipotokea nashika taa. Leo nataka tuongelee jambo moja tu.

Wengi wetu tunafanya hivi. Unachukua riwaya na kalamu ya rangi, unapiga mstari kila palipo na maneno ya wahusika. Yale maneno ukiyapanga yanakuwa skripti. Maelezo ya mwandishi yote yanabaki kitabuni. Ukifika mazoezini unagundua hakuna anayeelewa nani ni nani, kwa hiyo unawabebesha wahusika yale maelezo uliyoyatupa: "Kama unavyojua dada yangu, baba yetu alifariki miaka mitatu iliyopita akatuachia shamba hili lenye mgogoro." Mtu gani anamwambia dada yake hivyo? Dada mwenyewe alikuwepo msibani.

Msimamo wangu: anayepaswa kubaki jukwaani kabla ya mtu yeyote ni msimulizi. Ukiipenda riwaya, mara nyingi umependa namna unavyosimuliwa: dhihaka ya mwandishi, subira yake, yale anayokunong'oneza kuhusu mhusika huku mhusika mwenyewe hajui. Mazungumzo ni sehemu ndogo tu. Na sisi watu wa huku ndio wa mwisho wa kumwonea aibu msimulizi. Hadhira iliyolelewa na paukwa pakawa haishangai mtu akisimama anasimulia, akageuka fisi, akageuka mke wa fisi, kisha akarudi kusimulia. Haihitaji taa kuzimwa wala pazia kufungwa.

Tena si sisi pekee. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens alipeleka riwaya zake jukwaani yeye mwenyewe. Alianza na usomaji wa hisani Birmingham, Desemba 1853, na kuanzia 1858 watu walikuwa wanalipa kiingilio. Hakuwa na kundi wala mandhari, alikuwa na meza ndogo, taa na sauti yake. Kinachonivutia ni nakala zake za kusomea. Alikata kurasa nzima, akapigia mistari maneno ya kukazia, akajiandikia pembeni maagizo ya sauti na ya mkono. Yaani mwandishi mwenyewe, na kitabu ni chake, hakuona haya kukatakata. Lakini msimulizi hakumkata. Kile kipande cha Sikes kumuua Nancy, kutoka *Oliver Twist*, alichoanza kukisoma hadharani mwaka 1869, kilikuwa kinamwendesha mapigo ya moyo mpaka madaktari wakaingilia kati. Humo ndani alikuwa muuaji, mwuawa, na yule anayekusimulia, kwa pamoja.

Karibu zaidi na nyumbani: riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya Kigikuyu, *Caitaani Mũtharabainĩ*, ilipotoka 1980 watu waliisoma kwa sauti majumbani, kwenye matatu na kwenye baa. Ngũgĩ anaeleza kuwa kwenye baa msomaji alikuwa anafika penye utamu, anatazama glasi yake, anaona imekwisha, anakiweka kitabu chini. Wateja wanampigia kelele mhudumu amwongezee. Hapo bila mwongozaji wala skripti umeshapata jukwaa, hadhira, mahali pa kukata onyesho, na kiingilio.

Na kwa wanaodhani msimulizi ni wa watu wasio na bajeti: kampuni ya Royal Shakespeare ya Uingereza mwaka 1980 ilipeleka jukwaani *Nicholas Nickleby* ya huyo huyo Dickens, skripti ya David Edgar, onyesho la urefu wa saa nane na nusu, likichezwa kwa sehemu mbili. Waigizaji waligawana usimulizi. Mtu anasema kwa hadhira habari zake mwenyewe, "akaingia chumbani," huku ndiye anayeingia. Marekani nako, Robert Breen wa Chuo Kikuu cha Northwestern alijenga somo zima juu ya kuigiza riwaya bila kuyatupa maneno ya msimulizi.

Sasa tushuke kwenye kazi. Kipande hiki cha riwaya nimekitunga mimi kwa ajili ya uzi huu, msikitafute kwenye kitabu chochote:

*Bi Saada alimwekea mumewe chai, akasubiri. Alikuwa ameshasikia sokoni kwamba kazi imekwisha, lakini hakutaka kulisema yeye. Mzee Kombo aliikoroga chai isiyo na sukari kwa muda mrefu. Miaka ishirini na mmoja bandarini, na leo mikono yake haikujua pa kukaa.*

Mtu wa kalamu ya rangi hapo hana cha kupigia mstari, kwa hiyo anatunga:

SAADA: Mume wangu, nimesikia sokoni kwamba umeachishwa kazi baada ya miaka ishirini na mmoja bandarini!
KOMBO: Ndiyo mke wangu. Nina huzuni sana.

Kwisha habari. Siri imetoka sekunde ya kwanza na hakuna tena cha kutazama. Mimi ningefanya hivi:

SAADA: (kwa hadhira) Bi Saada alimwekea mumewe chai, akasubiri.
(KOMBO anakoroga.)
SAADA: Unakoroga nini? Sukari imekwisha tangu juzi.
(KOMBO anaacha. Kijiko kimebaki mkononi, anatafuta pa kukiweka.)
KOMBO: (kwa hadhira) Miaka ishirini na mmoja bandarini.
SAADA: Kesho unatoka saa ngapi?
KOMBO: Saa zile zile.
SAADA: (kwa hadhira) Alikuwa ameshasikia sokoni kwamba kazi imekwisha. (kwa KOMBO) Basi nitakuamsha alfajiri.

Watu wawili, kikombe na kijiko. Hadhira inajua, mke anajua, mume hajui kama mke anajua. Na sentensi zinazosemwa kwa hadhira nimezitoa kwenye kipande chenyewe, karibu neno kwa neno. Nilichotunga ni yale wanayoambiana: sukari kwisha tangu juzi, saa ya kutoka, na alfajiri.

Nawasilisha. Wenye kupinga karibuni, ila mje na mfano.

---

Kikombe Baridi

Naweka kambi hapa. Hiyo "nitakuamsha alfajiri" imeniuma aisee.

---

Mwalimu wa Dondoo

Ndugu, nakupongeza, ila sema na sisi tulio darasani. Mimi nafundisha Kiswahili shule ya upili, pwani ya Kenya. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili huku Kenya, anaulizwa: eleza muktadha wa dondoo hili, taja mbinu mbili za lugha, jadili maudhui ya ufisadi. Nikilipia kikundi kije, nataka riwaya nzima. Kipande kimoja kizuri cha dakika kumi kitawafurahisha wanafunzi, lakini mzazi aliyetoa hela ya tamasha ataniuliza sura zile nyingine ziko wapi. Vikundi havikati kwa ujinga, vinakata kwa sababu soko ndilo linalotaka hivyo.

---

Nyuma ya Pazia

Mwalimu, soko nalielewa, mimi mwenyewe nakula humo. Lakini tupige hesabu. Ukurasa wa riwaya ukisomwa kwa sauti ya kawaida unachukua dakika mbili hadi tatu. Riwaya ya kurasa mia mbili ni karibu saa saba hadi kumi, bila kuigiza chochote. Kikundi kina saa mbili, wakati mwingine pungufu, kwa sababu bwalo linahitajika kwa chakula cha mchana. Kwa hiyo "riwaya nzima" haipo. Kinachokuwepo ni muhtasari unaopayuka. Mwanafunzi akitoka pale anajua nani alimwoa nani, jambo ambalo mwongozo wa mtihani ungempa bure.

Na hilo la dondoo, mbona linanisaidia mimi? Dondoo linatoka kwenye maneno ya kitabu. Kikundi kikitunga mazungumzo yake, mwanafunzi anakariri sentensi ambazo hazimo kitabuni, halafu anaziandika kwenye mtihani akiamini amenukuu. Umeshakutana na hilo, bisha. Kikundi kinachosema maneno ya mwandishi kinamwachia dondoo kichwani bila jasho.

Ukinipa saa mbili nitakuchezea vipande vinne au vitano kwa ukamilifu, na katikati yake msimulizi anaruka sura nzima kwa sentensi mbili. Msimulizi ndiye anayekuwezesha kuruka. Ukimfukuza, kila kuruka kunahitaji onyesho, na kila onyesho linahitaji watu kuhamisha viti gizani.

---

Mwalimu wa Dondoo

Hilo la kunukuu yasiyokuwamo nimelisahihisha sana kwa kalamu nyekundu. Endelea.

---

Mzee wa Vitendo

Mimi napinga. Jukwaa ni vitendo. Nilifunzwa kwamba mwigizaji akianza kuniambia kilichotokea badala ya kunionyesha, ameshindwa kazi. Nimeona maonyesho ya "msimulizi" ambapo mtu anasimama pembeni na shuka begani na fimbo, anaongea robo saa, wenzake wamekaa nyuma kama wanasubiri daladala. Watoto wanasinzia. Hilo ndilo unalolitetea?

---

Nyuma ya Pazia

Mkuu, huyo wa shuka na fimbo simtetei hata kidogo. Huyo ni mtangazaji. Amewekwa pembeni, hamjui mtu yeyote kwenye hadithi, hakuna kinachomhusu, hata akifa katikati ya onyesho hadithi inaendelea.

Mimi msimulizi nampa mwili wa mtu aliyemo ndani. Angalia tena ule mfano: anayesimulia kuhusu Saada ni Saada. Na kila sentensi ya usimulizi naihoji kabla ya kuibakiza. Inarusha muda? Inasema kitu ambacho mhusika anakificha? Inapingana na tunachokiona? Kama haifanyi lolote kati ya hayo, naikata bila huruma hata kama ni tamu. Sentensi ya "alikuwa amevaa kanzu nyeupe" wakati mwigizaji amevaa kanzu nyeupe mbele yetu ni ya kufuta. Lakini "alikuwa amevaa kanzu nyeupe" wakati mwigizaji amevaa kaptula iliyochanika, hiyo nakaa nayo, kwa sababu hapo tayari kuna mtu anadanganya na mimi nataka kujua kwa nini.

Maelezo ya mandhari ndiyo ya kwanza kwenda. Kuchwa kwa jua, upepo wa kusi, harufu ya karafuu: mwandishi alihitaji kurasa mbili kwa sababu hakuwa na chochote isipokuwa wino. Wewe una ngozi ya mwigizaji. Ajifute jasho.

---

Mzee wa Vitendo

Kwa maelezo hayo nakuelewa. Bado sijakubali, lakini nimekuelewa.

---

Binti Chuda

Samahani wakubwa, swali. Riwaya za nafsi ya kwanza mnazifanyaje? Nina mawazo ya *Siku Njema* ya Ken Walibora. Kongowea Mswahili anasimulia mwenyewe, toka utoto wake hapa Tanga na mama yake mwimbaji wa taarabu, mpaka safari ya kwenda Kenya kumtafuta baba. Mwigizaji mmoja hawezi kuwa mtoto na mtu mzima.

---

Nyuma ya Pazia

Dada wa Tanga, wape wawili. Mmoja ni Kongowea anayekumbuka, mwingine ni Kongowea anayeishi yale mambo. Hapo unapata kitu ambacho kitabu hakiwezi kukupa: mkubwa anamtazama mdogo akielekea kwenye maumivu, anajua kinachokuja, na hana uwezo wa kumzuia. Usiwaache waangaliane. Mara moja tu, mahali pamoja utakapopachagua kwa uangalifu, mdogo ageuke amwone. Ukifanya mara tatu inakuwa mchezo wa kuigiza wa mizimu.

Kuhusu mama: kwenye karatasi tunaambiwa anaimba. Jukwaani lazima aimbe. Kama huna mwigizaji mwenye sauti, chagua kipande kingine, maana hadhira ya Tanga itakula nyama yako kuhusu taarabu.

Kwa *Kichwamaji* ya Kezilahabi ni tofauti. Kazimoto naye anasimulia kwa nafsi ya kwanza, lakini ule ni upweke, mtu anayejila mwenyewe kwa mawazo mpaka anajiua. Ukimgawa wawili umempa mwenzake wa kuongea naye, na umeshaivunja riwaya. Yule aachwe peke yake na hadhira, na waliobaki wapite kama watu anaowaona kwa mbali. Na tafadhali, mawazo yake yasirekodiwe yakatoka kwenye spika huku mwigizaji amekodoa macho. Sijawahi kuona ikifanya kazi. Umeme ukikatika mtu hana tena mawazo.

---

Mama Maleba

Naongezea upande wangu. Watu wanadhani riwaya ikiwa na mahali pengi basi inahitaji mandhari mengi. Mimi kundini natumia kanga na meza moja. Kanga ikikunjwa mikononi ni mtoto mchanga. Ikishikwa na watu wawili ni ukuta wa chumba cha mwanamwali. Ikitandikwa chini na mtu akalala juu yake, hakuna haja ya kusema ni mgonjwa. Ikifunikwa mpaka kichwani watu wananyamaza wenyewe. Siri ni mbili: kwanza isibadilishwe kisirisiri, ibadilishwe mbele ya macho ya watu na mwigizaji aliyemo ndani ya hadithi. Pili, angalieni jina la kanga. Ukichukua yoyote tu dukani, wanawake watakaokaa safu ya mbele watausoma ule msemo kabla mwigizaji hajafungua mdomo, na kama unakwenda kinyume na onyesho watacheka mahali ulipotaka walie.

---

Nyuma ya Pazia

Mama Maleba, kuhusu jina la kanga, waongozaji wote wapitie hapa wasome mara mbili.

---

Kikombe Baridi

Ruhusa je? Mtu anaweza kuamka tu akachukua riwaya ya mwenziwe akaicheza?

---

Nyuma ya Pazia

Hapana. Kugeuza kazi kutoka umbo moja kwenda jingine ni haki ya mwandishi au aliyemrithi, kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999 huku Tanzania na ile ya 2001 Kenya. Kuwa kitabu kiko kwenye mtaala hakubadilishi kitu. Andika barua kwa mchapishaji, taja kipande gani, mara ngapi utakicheza, na kama kuna kiingilio. Ukikwama, ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, watakuelekeza. Waandishi wengi wakiombwa kwa adabu wanakubali, na wengine wanataka kuona skripti kwanza. Mwoneshe. Kama umefuata maneno yake huna cha kuogopa.

---

Msaka Usaili

Mkuu Nyuma ya Pazia, mimi nina usaili wa chuo, wanataka kipande cha dakika tano, mtu mmoja. Nimefikiria *Kusadikika* ya Shaaban Robert. Ni ya zamani sana? Halafu mimi ni msichana na Karama ni mwanamume.

---

Nyuma ya Pazia

Kitabu cha 1951 na bado ni mteremko kwa mwigizaji, kwa sababu kimeshajengwa kama jukwaa. Mtu yuko mahakamani. Majivuno, waziri, ndiye mshitaki. Mfalme anasikiliza. Na utetezi wa Karama ni kusimulia: habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote nne, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo mema, na kila mmoja akaishia kifungoni. Humo simulizi ndiyo silaha ya mshitakiwa. Anasimulia ili asife. Huhitaji kumtafutia msimulizi sababu ya kuongea, mwandishi kakupa.

Ila wengi wanakosea hapa: wanakichukua kama hotuba. Wanasimama katikati, kifua mbele, wanaunguruma mwanzo mpaka mwisho. Chukua habari ya mjumbe mmoja tu, usiguse wengine. Amua mfalme amekaa wapi, chagua kiti kimoja chumbani mle, juu kidogo ya macho ya wasaili, kisha mweke Majivuno upande wa pili. Unapomsimulia mjumbe akisafiri, sahau kesi, furahia safari. Unapofika kwenye kifungo chake, rudi umtazame mfalme, kwa sababu ni yeye au watu wa kiti chake waliomfunga, na wewe ndiye unayefuata.

Kiswahili cha Shaaban kina sentensi ndefu. Usizivunje ili ziwe za kisasa. Tafuta neno ambalo sentensi inakwenda kulifikia, vuta pumzi kabla ya kuanza, usishushe sauti mpaka ulifikie. Kata sifa zinazojirudia tu.

Uanamke hauhusiani. Usijitie sauti nzito, usivae kanzu. Karama anahitaji mtu anayefikiri haraka huku anaogopa.

---

Msaka Usaili

Asante sana mkuu. Na mwisho wa kipande nikatie wapi? Ile hukumu?

---

Nyuma ya Pazia

Hukumu iko mbali na dakika zako. Kata pale mjumbe anapofungiwa mlango, kabla Majivuno hajajibu. Kisha usiiname kushukuru mara moja, hesabu hadi tatu ukiwa bado unakitazama kile kiti. Pima kwa saa ya simu, ikizidi dakika nne na nusu nyumbani, punguza, maana mbele ya wasaili kila mtu anakwenda polepole au mbio, na mbio haikupi shida ya muda.

---

Mwalimu wa Dondoo

Ndugu, nimekutumia ujumbe wa faragha. Muhula ujao nataka vipande vitano, bwalo letu, saa mbili kamili. Viti hatuhamishi.